Sekunde Nane za Mama wa Nyanya

Katika klabu ya habari ninayoilea katika shule ya sekondari mjini Morogoro, kuna kazi moja ya sauti ambayo haikuwahi kusikika mstarini, nayo imetufundisha mengi kuliko zote zilizosikika. Ilikuwa masika, nyanya zimepanda bei, na wanafunzi watano wa Kidato cha Tatu wakaamua kwenda sokoni kuuliza sababu. Walichukua simu yangu, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, pamoja na daftari na kipande cha kitambaa tulichokizungushia sehemu ya kunasia sauti ili kupunguza uvumi wa upepo.

Mama mmoja anayeuza nyanya za Mgeta aliwapokea vizuri. Walimwamkia, akawaitikia, akawapa ndoo wakalie, kisha akawaeleza kwa utulivu kwamba barabara ya kuteremkia kutoka milimani imeharibiwa na mvua, kwamba wenye magari wameongeza nauli ya kila tenga, na kwamba nyanya nyingine hufika zimekwisha pondeka na hasara yote huwa ni yake. "Ndiyo maana sisi tunapandisha bei, wanangu," alimalizia, "nisipopandisha, kesho sina mtaji." Maelezo yake yalichukua kama dakika saba. Mimi nilikuwa nimewapa dakika mbili kwa kipindi kizima, kwa sababu vipindi vyetu husikika kwenye spika siku ya Ijumaa, kabla ya matangazo ya mwalimu wa zamu, na muda wenyewe ni mfinyu.

Walipomaliza kuhariri, yule mama alikuwa amebakiwa na sekunde nane. Alisikika akisema, "Sisi tunapandisha bei, wanangu," kisha ikaingia sauti ya msimulizi ikieleza jinsi familia zinavyoumia. Hakuna neno hata moja lililoongezwa wala kubadilishwa.

Niliwauliza walifikaje hapo, na majibu yao nimeyahifadhi kwa sababu nayaona kuwa ya thamani kubwa. Maelezo kuhusu barabara yaliondolewa kwa kuwa pikipiki ilipita ikaiziba sauti. Maelezo ya nauli yalikuwa marefu, na mama alirudia jambo moja mara mbili. Kuhusu nyanya zilizopondeka, mmoja wao alikohoa katikati. Sentensi ya bei ndiyo pekee iliyokuwa safi, fupi na yenye kueleweka mara moja. Kila uamuzi ulikuwa na sababu ya kiufundi ambayo hata mimi ningeikubali, lakini vilipounganishwa, vipande hivyo vilimfanya mwanamke mwenye taabu aonekane kuwa ndiye chanzo cha taabu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikifundisha habari za uzushi kama kazi ya watu wabaya. Niliwapa vijana dalili za kutazama, kama vile picha isiyo na chanzo, kichwa cha habari chenye kutisha, au ujumbe unaosihi usambazwe kwa watu wote. Dalili hizo ni za kweli na bado nazifundisha, ila zina upungufu mmoja mkubwa: mwanafunzi aliyeelimishwa hivyo humtafuta mwongo, na asipomwona huamini. Wanafunzi wangu watano hawakuwa waongo. Walikuwa vijana wema waliobanwa na dakika mbili. Chumba cha habari chochote, kiwe kikubwa au kidogo, kina dakika zake mbili, na kijana ambaye hajawahi kuzihisi mkononi mwake hawezi kuzisikia katika taarifa ya mwenzake.

Kwa hiyo tulirudi sokoni. Nilitaka yule mama asikilize kile kipande kabla hatujaamua tukifanyie nini, naye akakisikiliza kwa spika za masikioni, mara mbili, huku akiwa ameshika nyanya mkononi.

"Sauti ni yangu," alisema, "lakini hayo sikuyasema."

"Lakini mama, ulisema," alijibu kwa upole msichana aliyekuwa amehariri, "hatukuongeza kitu."

"Nilisema, mwanangu. Lakini nilisema pamoja na mengine."

Msichana yule hakujibu. Tulipokuwa njiani kurudi shuleni ndipo aliponiuliza ni mara ngapi amewahi kumkasirikia mtu aliyemsikia kwenye simu kwa sekunde nane. Sikuwahi kupata swali kama hilo darasani katika mada yote ya kuchambua vyombo vya habari, na ninaamini nisingelipata kwa njia nyingine yoyote.

Wazo la kumpa mtoto chombo cha uchapaji ili aache kuyaogopa maandishi si geni. Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa aliyerudi na majeraha kutoka Vita Kuu ya Kwanza, alileta mashine ndogo ya kuchapia katika darasa lake la kijiji cha Bar-sur-Loup katika miaka ya 1920, na watoto wakawa wanapanga herufi moja moja kuchapa habari zao wenyewe na kubadilishana na watoto wa shule za mbali. Mtoto aliyepanga herufi kwa vidole vyake anajua kwamba kila ukurasa umepangwa na mtu fulani. Mwaka 1982, wawakilishi wa nchi 19 waliokutana Grünwald, Ujerumani, chini ya UNESCO, walitoa azimio la kuzitaka nchi zifundishe elimu ya vyombo vya habari katika ngazi zote za masomo. Simu tuliyo nayo leo inanasa, inakata na kusambaza, mambo ambayo mashine ya Freinet isingeweza kuyafanya yote, na kwa hiyo mafunzo ya vitendo yanahitajika zaidi sasa kuliko wakati ule.

Tangu siku ile tumeongeza mazoezi mawili. La kwanza nimelitoa katika jaribio la Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu wa Urusi, aliyeunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakauona uso huo ukibadilika ilhali haukubadilika. Sisi tulipiga picha ya video ya mwanafunzi mmoja akitazama mbele bila kuonyesha chochote, tukaiunganisha na sahani ya wali, kisha na karatasi ya mtihani yenye alama nyekundu. Kidato cha Kwanza walipoonyeshwa, walisema kwanza ana njaa, halafu kwamba ana aibu. Waliotengeneza video walishtuka kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Zoezi la pili ni daftari la vilivyokatwa. Kila kundi huandika limeondoa nini katika mahojiano na kwa sababu gani, na kundi jingine husoma daftari hilo kabla ya kusikiliza kazi. Ni kazi ya kuchosha, na wapo waliolalamika, lakini sitaiacha. Baadhi ya walimu wenzangu huniambia kwamba ninawafundisha watoto namna ya kupotosha. Hofu hiyo naiheshimu, ila programu za kuhariri zimejaa kwenye simu za nyumbani kwao, na ustadi huo wataupata kwa vyovyote. Ninachoweza kuwapa mimi ni yule mama mwenye spika za masikioni.

WhatsApp ilipunguza mwaka 2019 idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kusambazia ujumbe kwa mara moja hadi matano, na mwaka 2020 ikaweka kikomo cha mazungumzo mamoja kwa ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi. Hatua hizo hupunguza kasi ya kipande, lakini hazirudishi maneno yaliyokatwa.

Tulikirekodi upya kile kipindi, na safari hii mwenye gari mmoja naye alihojiwa. Kilichukua dakika tano, na mwalimu wa zamu alikubali kutuachia muda.

Muhula huu klabu inataka kuandaa kipindi kuhusu chakula cha shule, na itawahoji wapishi, wanafunzi na uongozi. Msichana yuleyule ameuliza jambo ambalo bado tunalijadili: ikiwa tunawasikilizisha watu kazi kabla haijatoka, tutafanya nini mkubwa akisikiliza na kuagiza tukate jambo alilolisema kweli? Hatujapata kanuni. Tulichokubaliana hadi sasa ni kwamba kumsikilizisha mtu ni kumpa nafasi ya kueleza kilichopotea, na kwamba rekodi kamili ya kila mahojiano itatunzwa katika sehemu mbili, moja kwangu na nyingine kwenye kompyuta ya maktaba, hadi muhula utakapofungwa.