Bledi ya tabaini inapozwa ikiwa inazunguka, hapo ndo kwenye utamu

Wadau wa mitambo, leo tuongelee bledi za tabaini za gesi, yaani yale mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, hizi za injini za ndege na za mitambo ya umeme kama ya Ubungo na Kinyerezi, manake kila nikisoma mtu akielezea zinavyopozwa anaishia "ndani kuna vinjia vya hewa" halafu basi. Kazi ndo kwanza inaanza hapo.

Iko hivi. Kwenye injini za kisasa gesi inayotoka kwenye chemba ya kuchomea inavuka nyuzi 1500 za Selsiasi, na bledi ni aloi ya nikeli ambayo kwenye 1300 na kitu inaanza kuyeyuka. Kwa hiyo ndani yake kuna vinjia vyembamba vinapanda mpaka nchani, vinakata kona, vinashuka, vinapanda tena, na hewa inayopita humo imechotwa kwenye kompresa, ile sehemu ya injini inayobana hewa, nayo sio baridi bana, inaweza kufika nyuzi 600, ila ndo baridi yetu hiyo. Wajerumani walishaweka bledi zenye uwazi ndani kwenye injini yao ya jeti ya Jumo 004 wakati wa vita ya pili, ili hewa izipoze, manake nikeli ya kutengenezea bledi zinazohimili moto kwao ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Sasa bledi inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na hewa inayopanda humo hainyooki. Ushawahi kutembea kwenye bembea ya kuzunguka ya watoto, kutoka katikati kwenda ukingoni? Unasukumwa pembeni tu. Ndo nguvu ya Koriolisi. Hewa ya katikati ya kinjia, ile ambayo haijapata moto, inabamizwa kwenye ukuta wa nyuma, yaani ule unaofuatia kwenye mzunguko, ukuta wa mbele unaachiwa hewa ya pole pole iliyoshapata joto. Majaribio ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye vinjia vyenye kuta laini zisizo na vituta yalionyesha kuna sehemu upoaji unashuka kwa asilimia 60 kulinganisha na kinjia kilichosimama, na kwingine unapanda kwa asilimia 250. Kinjia kilekile, hewa ileile!

Na bado. Hewa iliyopata moto ukutani inakuwa nyepesi, na humo ndani msukumo wa kurushwa nje ni maelfu ya mara ya uzito wetu huu, basi ile nzito inarushwa nchani na nyepesi inasukumwa kuelekea kitovuni, kinyume na mkondo. Pale ukuta wa mbele ambapo hewa ilikuwa inajikokota inaweza ikasimama kabisa, au ikageuza. Hewa ikikata kona na kuanza kushuka, Koriolisi inageuka pia, ukuta wa mbele ndo unakula bata.

Kwa hiyo mtu akikuletea vipimo vya bledi iliyofungwa mezani ikapulizwa hewa, muulize ikizunguka inakuwaje. Najua kupima kitu kinachozunguka ni mziki, waya za vipima joto zinabidi zitolewe kupitia ringi za kuteleza, zile zinazopitisha umeme kutoka kwenye kinachozunguka kwenda kwenye kilichosimama, ila hakuna namna. Wanachofanya wengi ni kuweka vituta ukutani, vimelala mshazari kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, vinaivuruga hewa na tofauti ya kuta inapungua. Shida vinakaba mkondo, unahitaji presha zaidi, na presha hiyo kompresa ishaitolea jasho, yaani mafuta. Mimi bado naona vituta vinalipa, kuliko bledi yenye upande mmoja unaoungua.