Uchochoro wa damu tumboni mwa mjomba

Usiku ule mjomba, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, alitapika damu nusu beseni, nasi tuliokuwa tukimnunulia dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa tukajua kwamba tulikuwa tukitibu ugonjwa usio wake. Kituo kilichomwandikia dawa hizo sikitaji, ila hakuna aliyekuwa amempima ini.

Alikuwa na homa ya ini B. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, wakati yeye ameshaoza binti. Ini lilikuwa limesinyaa na kuwa gumu, na damu itokayo kwenye utumbo na bandama, ambayo ilipaswa kupita humo, ikajitafutia uchochoro kupitia mishipa ya sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hadi kwenye mshipa wa figo ya kushoto. Mishipa ya mfuko huo iliyovimba hivyo hupasuka mara chache kuliko ile ya umio, njia ya chakula kutoka kooni, lakini ikipasuka, damu yake ni nyingi na kuizuia ni kazi.

Huko Dar es Salaam, daktari alituchorea tiba nyuma ya risiti ya duka la dawa. Njia hii, iliyoendelezwa Japani katika miaka ya 1990, haihitaji kupasua tumbo: katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa shingo, ikaongozwa kwa eksirei mpaka mshipa wa figo, kisha ikaingia kwenye uchochoro wenyewe kwa kurudi kinyume na damu inakoelekea. Hapo puto dogo hujazwa ili kuziba mlango, na dawa ya kugandisha husukumwa mpaka mishipa iliyovimba ijae. Asiye na uchochoro huo, jambo linalothibitishwa kwa sitiskani (picha za eksirei za kompyuta), tiba hii haimfai.

“Kwa hiyo ini limepona, daktari?” mjomba aliuliza.

“Hapana, mzee wangu. Tumeziba njia ya kando tu.”

Damu iliyonyimwa njia hiyo hurudi kwenye ini, jambo ambalo huweza kumpunguzia mgonjwa kuchanganyikiwa akili kutokana na damu isiyochujwa na ini, lakini presha ya mshipa uingizao damu kwenye ini nayo hupanda, na mishipa ya umio huweza kuvimba au maji kujaa tumboni. Ndiyo maana ana tarehe ya kurudi kuangaliwa umio kwa kamera, na kila asubuhi, kabla ya kufungua cherehani, hujipima kiuno kwa tepu yake na kuandika inchi katika daftari lilelile la vipimo vya wateja.