Mradi wa monokoti na daikoti: nimefika kwenye stafeli

Wiki hii mradi umenoga kweli. Mahindi na maharage niliyootesha kwenye makopo yameshachomoza na tofauti unaiona kwa macho tu, haragwe limetoka juu na mbegu yake ikapasuka vipande viwili vinene, vinaulisha mche mpaka vinasinyaa na kudondoka, wakati mahindi yametoa ncha moja nyembamba na punje imebaki chini ya udongo. Kotiledoni (jani la kwanza lililomo ndani ya mbegu) mbili, hiyo ndo daikoti; kotiledoni moja, hiyo ndo monokoti. Ukiing'oa, haragwe lina mzizi mkuu, mahindi ni shada la vijizizi.

Halafu nikasimamisha shina changa la alizeti na bua changa la mahindi kwenye maji yenye rangi nyekundu ya chakula usiku kucha, asubuhi nikakata kwa wembe. Alizeti vidoti vyekundu, yaani mirija inayopandisha maji, vimejipanga duara, bua la mahindi vimetapakaa mpaka katikati. Hii ndo naipenda kuliko zote maana inaeleza mengi: mwembe unabebeshwa (unaunganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine) kwa sababu pale kwenye duara kuna kambiamu, tishu inayoendelea kugawanyika, ukikutanisha mbili zinashikana. Mnazi hauna kambiamu, ndo maana haubebeshwi, na pia haunenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe, unarefuka tu.

Majani ndo yana ubishi. Shuleni tunaambiwa monokoti mishipa inaenda sambamba, daikoti inasukana kama wavu, na kwa muwa au mchaichai ni kweli kabisa. Sasa shika jani la gimbi uliinue juani, wavu huo hapo, na gimbi ni monokoti! Kwa hiyo mi natanguliza mbegu na shina, jani linafuata nyuma.

Na leo nimefungua ua la mstafeli. Sepali (vijani vya nje vinavyofunika ua) tatu, petali nene tatu za nje, tatu za ndani, yaani tatu tatu, hesabu ya monokoti kabisa, ila mche wake unaota na kotiledoni mbili. Kumbe tangu 1998, wanabotania wa APG (Angiosperm Phylogeny Group) walipopanga upya mimea ya maua kwa kutumia DNA, daikoti sio kundi moja tena, na mstafeli, mparachichi, mdalasini na pilipili manga siku hizi ni magnolidi, kundi lao lenyewe nje ya daikoti halisi. Vitabu vingi vya shule bado viko kwenye makundi mawili na naona hapa ndo panatakiwa pasemwe mapema, mwanafunzi asishangae stafeli la nyumbani kwao.

Kokwa la parachichi lipo juu ya maji tayari, likitoa shina nalo linaingia kwenye rangi nyekundu.