Mwaka wa gofu Ayalandi, nikiuangalia kwa jicho la kedi

Ndugu zangu wa Arusha kila wakipiga simu swali ni lile lile, huko Ayalandi na hiyo mvua unaishije? Mvua nishaizoea jamani. Kilichonitesa mwaka 2025 ni gofu, maana usingizi nimekosa, likizo za kazini zote zimeishia huko, na mwezi wa tisa nilirudi nyumbani sauti haitoki kabisa mke wangu akadhani nina homa.

Wanaonifahamu wanajua kabla ya kuja huku nilikua kedi, miaka sita nabeba begi la fimbo za watu kwenye klabu moja ya kule kaskazini, kwa hiyo nikiongelea gofu msiseme nimekua mzungu. Mi gofu imeniingia kupitia bega la kulia, na hilo bega mpaka leo liko chini kidogo kuliko la kushoto, muulizeni fundi cherehani wangu.

Sasa huku mchezo unasimamiwa na chama kinaitwa Golf Ireland. Ni kichanga, kimeanza kazi Januari 1, 2021, ila wazazi wake ni wazee sana, chama cha wanaume kilichoanzishwa 1891 na cha wanawake kilichofuata 1893, miaka zaidi ya mia moja na ishirini kila mmoja na ofisi yake na makombe yake ndo wakaja kuungana juzi juzi. Alafu kuna hili ambalo mimi liliniacha mdomo wazi nilipofika. Kisiwa hiki kina nchi mbili, Jamhuri huku ninakoishi, na Ayalandi ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, na watu wameuana miaka mingi kwa sababu ya huo mpaka, lakini kwenye gofu mpaka haupo. Kaunti zote 32 chama kimoja, timu moja. Kijana wa Belfast na kijana wa Cork wanavaa fulana ya rangi moja na hakuna anayeuliza.

Haya, najua mnamsubiri Rory McIlroy, yule mchezaji gofu maarufu wa Ayalandi ya Kaskazini, twende.

Aprili 13, Jumapili, Masters kule Augusta Marekani, moja ya mataji makubwa manne ya gofu. Nilikua nimetoka zamu ya mchana, nikakaa kwenye kochi na yunifomu yangu ya kazi, nikasema naangalia mashimo mawili nilale. Nani alale! Huyu mtu alikua hajashinda taji kubwa tangu 2014, miaka kumi na moja, na Masters ndo ilikua imebaki peke yake ili amalize seti ya mataji makubwa manne. Anaanza tu shimo la kwanza anapoteza mikwaju miwili. Akarudi vizuri, akaongoza kwa raha, kufika shimo la 13 mpira mwepesi kabisa, ule ambao hata mzee niliyekua nambebea begi kila Alhamisi pale Arusha angeuweka kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, yeye akautumbukiza kwenye kijito. La 15 akaupinda mpira kuzunguka miti nikasimama juu ya kochi. La 18 akipiga tu kampira ka hatua mbili ameshinda, akakosa! Mdogo wangu alikua ananitumia sauti za Whatsapp toka Arusha, huko ni saa nane usiku, anasema kaka mimi naenda kulala presha itaniua.

Wakawa wamelingana mikwaju, ikabidi warudie shimo la 18, yeye na Justin Rose wa Uingereza. Na hapa ndo watu wengi waliangalia kitu kimoja na mimi nikawa naangalia kingine, maana mimi macho yalikua kwa Harry Diamond, kedi wake. Rory mwenyewe alieleza baadae kwamba wakati wanatembea kwenda kwenye kigari kuwarudisha pale pa kuanzia, Harry alimwambia kwa upole tu kwamba rafiki yangu, hapa tulipo tungeambiwa Jumatatu asubuhi tungekubali. Basi! Hakuna hesabu za upepo, hakuna mahubiri. Mtu ametoka kukosa mpira wa maisha yake, kichwa kinachemka, we unamkumbusha tu kwamba bado yuko mahali ambapo Jumatatu angelipia hela awepo. Wale waliobeba begi wanajua hiyo ni kazi kubwa kuliko kuchagua fimbo. Rory akaenda akauweka mpira karibu kabisa na shimo, akamaliza, akaanguka magoti analia, mtu wa sita tu katika historia kuyapata yote manne.

Kumbukeni huyu Harry mwaka mmoja nyuma alitukanwa sana. Juni 2024 Rory alipokosa mipira mifupi kwenye shimo la 16 na la 18 pale Pinehurst Marekani akalikosa US Open, nalo taji kubwa, kwa mkwaju mmoja, wachambuzi wa Marekani wakasema tatizo ni kedi, oh ni rafiki yake tu wa utotoni hajui kitu, amempa kazi kishkaji. Hii ndo kazi yenyewe, mchezaji akishinda kashinda yeye, akikosa kedi kamdanganya. Nimeambiwa hayo mara ngapi mimi kwa hela ya chapati na chai.

Lakini ukifuatilia unagundua Harry si wa kubeba begi tu. Wamekua wote na Rory kwenye klabu ya Holywood, nje kidogo ya Belfast, na kuna mashindano ya ridhaa yanaitwa West of Ireland, yanachezwa Rosses Point huko Sligo, upepo wa bahari unaopuliza mpaka meno yanauma. Rory aliyashinda 2005 akiwa na miaka 15, akarudia 2006. Harry naye aliyashinda 2012. Kwa hiyo pale Augusta walikua mabingwa wawili wa Sligo wanajadiliana, siyo bosi na mpagazi. Hapo ndo nikaona faida ya chama chenye mashindano ya maana huku chini, kwamba mpaka anayebeba begi kapitia tanuru lile lile. Kwetu makedi wana vipaji balaa, na wachezaji wengi wa kulipwa Afrika Mashariki walianzia kwenye begi, ila enzi zangu pale nilipokua ukitaka kugusa fimbo unasubiri siku ambayo wenyewe hawapo. Sijui kama pamebadilika, natumaini.

Mwezi wa saba ulikua mtamu na mchungu. Mtamu kwanza. KPMG Women's Irish Open ilikua Carton House, Maynooth, kwangu ni basi moja tu, nikaenda na binti yangu ambaye anaona gofu ni matembezi ya wazee. Tukamkuta Lottie Woad, Mwingereza, mchezaji wa ridhaa bado, anawatandika wanaolipwa kana kwamba wao ndo wanafunzi. Akashinda kwa mikwaju sita, 21 chini ya par, yaani chini ya idadi ya mikwaju inayotarajiwa uwanjani. Na kwa sababu ni wa ridhaa, hela ya bingwa haigusi hata senti! Binti yangu akaniuliza baba sasa amekuja kufanya nini, nikakosa jibu. Wiki chache baadae dada akaingia rasmi kwenye gofu ya kulipwa na mashindano yake ya kwanza kabisa, Women's Scottish Open, akayabeba. Binti akasema haya, angalau sasa amelipwa.

Mchungu ni Portrush. The Open, nayo moja ya yale mataji makubwa manne, ilikuja Royal Portrush, karibu watu 278,000 walipita getini wiki ile, ni karibu nusu siku tu ya gari kutoka kwangu, mzee jirani ana tiketi ya ziada ananiambia twende kijana. Ila Portrush iko Kaskazini. Barabarani hakuna kizuizi, hakuna askari, unajua umevuka kwa sababu vibao vya barabara vimebadilika toka kilomita kwenda maili, lakini mwenye pasipoti kama yangu na kadi ya ukaazi wa huku anatakiwa awe na viza ya Uingereza ndo avuke kihalali, na mimi kwa gofu sitaki kuhatarisha makaratasi ya familia. Kwa hiyo chama cha gofu hakina mpaka, mimi ndo ninao. Nikaangalia kwenye TV Mmarekani Scottie Scheffler akiwaacha wote kwa mikwaju minne, mikwaju 17 chini, Rory kamaliza wa saba akiwa na wenzake. Mzee aliniletea kofia.

Kuna mengine nayapitia haraka, Padraig Harrington wa huku Ayalandi na miaka yake 53 kabeba US Senior Open, mashindano ya wakongwe, mwezi wa sita alafu Senior Open ya Sunningdale mwezi wa saba, na Shane Lowry, naye wa huku, pale Bethpage Marekani mwezi wa tisa ndo aliyeuingiza ule mpira wa shimo la mwisho dhidi ya Russell Henley uliohakikisha Ryder Cup, kombe la timu ya Ulaya dhidi ya Marekani, inabaki Ulaya, 15 kwa 13. Jinsi washabiki walivyomtukana Rory kule sitaki hata kuandika.

Ila siku yangu mimi ni Septemba 7, Irish Open, K Club, Kildare. Hapo nilikuwepo kwa miguu yangu, mimi na mzee jirani, tumebanana na watu shimo la 18. Joakim Lagergren wa Sweden keshamaliza anasubiri, na Rory ili amfikie lazima amalize hili shimo la par 5 kwa mikwaju mitatu tu. Akaupiga toka mbali, ukaja, ukaja, ukaingia. Kelele ile sijawahi kuisikia hata kwenye dabi ya Kariakoo na nimekaa mzunguko mara kibao. Wakarudia shimo lile lile mara tatu mpaka Lagergren akautupia mpira majini, Rory kachukua tena, pale pale aliposhinda 2016.

Watu wote wanamfuata Rory na simu hewani, mi nikamvuta mzee mkono tusogee upande wa pili anakopita Harry na begi. Nilitaka kuangalia mabega. Njia nzima kwenye gari tulibishana, mzee anasema lililo chini ni la kushoto, mi nasema la kulia.