Siku moja maishani mwangu: makanga wa Mombasa–Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko Barabara ya Abdel Nasser, shati la rangi ya damu ya mzee limepigwa pasi, naita: "Kilifi, Malindi! Malindi!" Gari letu ni matatu ya abiria 14 na haliondoki mpaka lijae. Saa hizo hujaa upesi. Saa kumi na mbili tunavuka daraja la Nyali, saa moja na dakika kidogo tuko Kilifi, saa mbili na kitu Malindi. Kilomita 120 hivi, mwendo wa saa mbili. Hiyo ndiyo safari iliyo vichwani mwa watu, na ni ya kweli, lakini ni ya alfajiri.

Saa tatu tunageuza. Gede, Matsangoni, Kilifi, mjini. Chai na mahamri nimekula nimesimama.

Saa saba akaingia kijana mmoja, akakaa siti ya mbele, simu mkononi. "Konda, ramani inasema ni mwendo wa saa mbili." Nikamwambia, kaka, ramani haijui kwamba bado natafuta watu sita. Tuliondoka saa nane. Kongowea mikokoteni ya sokoni imeziba njia, Bamburi malori, na kuikaribia Mtwapa tukasimama kabisa. Jua la utosini, watoto wanalia, wauza maji wanapita dirisha kwa dirisha. Kijana akataka dereva apitie pembeni kwenye vumbi, miguuni mwa wanaotembea. Dereva akakataa. Ndipo akanigeukia: "Nyinyi mnapoteza wakati wa watu makusudi."

Neno hilo liliniuma. Hesabu ya mwenye gari haijui foleni. Nikikwama Mtwapa, dizeli inaungua na tripu ya jioni inaponyoka, lakini pesa yake lazima nimpe kamili. Hakuna mtu ndani ya gari lile aliyetaka kufika kuliko mimi na dereva wangu.

Mzee wa siti ya nyuma akamjibu kabla yangu: "Mwanangu, tulia. Daraja la Kilifi ni la 1991. Sisi pale tulikuwa tukingoja feri, na feri ikiondoka umekaa ukiitazama." Watu wakacheka, kijana akanyamaza. Nilimshukuru mzee yule moyoni.

Tulipoipita Mtwapa ilikuwa saa tisa na nusu. Mashamba ya katani ya Vipingo yakafunguka, barabara nyeupe, na kijana akaanza tena: "Sasa kimbiza!" Hakuna kukimbiza. Matatu haipiti kilomita 80 kwa saa, na gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, imo garini tangu kanuni za 2004. Kufidia muda wa foleni kwa mwendo ndiko kunakoua watu kwenye njia hii, na dereva wangu hafanyi hivyo hata akitukanwa. Nalisema hilo kwa fahari.

Malindi tukafika saa kumi na moja. Kijana alishuka bila kwaheri.

Kurudi, giza limeshaingia, magoti yananiwaka, sauti imekauka. Foleni ile ile, sasa upande wa pili. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza: "Mwanangu, tutafika saa ngapi?"

"Mama, kuanzia hapa hesabu saa nzima. Mpigie anayekupokea, mwambie asitoke nyumbani sasa hivi."

Akapiga simu, nami nikaendelea kukusanya nauli.