Bunduki iliyofichwa ghalani: tulivyozungumza Cheptais hadi tatu zikatolewa

Mtu mmoja wa semina kutoka mjini aliniambia: waonyeshe picha za majeraha, wasomee kifungo, wataogopa na watatoa bunduki walizoficha. Nilimsikiliza, nikapoteza miezi minne.

Nilimwomba chifu baraza, wakaja watu kama mia. Nikawasomea sheria ya bunduki, Sura ya 114, kwamba kuwa nayo bila cheti ni kosa. Kimya. Mwishowe mzee mmoja akasimama na fimbo yake: "Mwalimu, sisi hapa hatuna bunduki. Asante kwa chai." Wote wakaenda zao.

Ningefikiri kwanza, ningejua. Kati ya 2006 na 2008 ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji, Sabaot Land Defence Force, hapa Mlima Elgon. Watu waliuawa, wengine wakakatwa masikio. Machi 2008 jeshi likapanda na Operesheni Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa, na wengi wakateswa wakiulizwa bunduki iko wapi. Swali hilohilo ndilo nililowauliza mimi, tena mbele ya chifu.

Mara ya pili sikuita chifu. Tulikaa wanaume kumi na wawili chini ya mti kwangu, nikasema: "Tuseme kuna mtu anayo. Sitaki jina. Usiku inalala wapi?" Hapo ndimi zikalegea, kila mmoja akimsemea "mtu fulani". Kumbe inalala ghalani chini ya magunia ya mahindi. Au shimoni nyuma ya choo, imepakwa grisi na kufungwa nailoni. Risasi zinawekwa kwingine, hata kwa mama mkwe, ili askari wakiipata moja wasiipate nyingine.

Nikachukua mpini wa jembe uwe bunduki yetu ya majaribio, nikaufunga nailoni, jirani akauficha ghalani kwake vilevile walivyoeleza. Saa mbili usiku akajilaza kitandani. Vijana wawili, wakijifanya wezi wa ng'ombe, wakafungua zizi lake kimyakimya, na mmoja wetu akahesabu dakika kwa simu. Mbwa alipobweka, jirani akaamka, akatafuta tochi, akafungua ghala, akaanza kuhamisha magunia. Wazee wamesimama uani wanatazama. Alipotoka na ule mpini zilikuwa zimepita dakika saba na ushee, na ng'ombe wake alikuwa ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa fimbo alitazama kule kijitoni muda mrefu, kisha akasema, "Na leo hakuna mvua."

Maneno hayo yalifanya kazi kuliko mahubiri yangu yote. Bunduki haramu lazima ifichwe, na iliyofichwa haifiki mlangoni kabla ya mwizi.

Kina mama tulizungumza nao peke yao, na usithubutu kuwachanganya na waume zao siku ya kwanza. Mmoja alisema mumewe akirudi amelewa, yeye hulala kwa dada yake na watoto. Mwingine alimkuta mwanawe wa darasa la tatu akichezea risasi kama gololi. Walirudi nyumbani wakasema wao wenyewe, kwa wakati wao.

Usimwambie mtu atoe bunduki halafu umwache na giza. Tulinunua filimbi za chuma, shilingi mia hivi kila moja, taa chache za sola, tukapanga zamu kwa nyumba kumi. Yote labda elfu kumi na tano, pamoja na sukari.

Wengi waliuliza: zikichukuliwa si zitauzwa tena? Niliwaambia kuhusu Ngong, Novemba 2016, serikali ilipochoma bunduki 5,250 hadharani. Baadhi walikuwa wameona kwenye televisheni, wakanisaidia kueleza.

Chifu alikubali kutouliza majina. Tatu ziliachwa alfajiri mahali tulipopatana, polisi wakazichukua. Usijitolee kumbebea mtu bunduki yake kwa bodaboda, hata kama ni ndugu yako. Ukisimamishwa njiani, wewe ndiwe mwenye nayo.

Kuna wa nne, namjua. Jumapili alinipita tukitoka kanisani, akaenda hatua kadhaa, akarudi. "Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hizo filimbi mlinunua duka gani?"