Siku Moja Maishani Mwangu: Taulo Liko Begani Kwangu

Saa 12:10 asubuhi. Mimi ni kocha wa ngumi, na leo usiku kijana wangu anapanda ulingoni. Nimeamka kabla ya simu kulia. Kitu cha kwanza ni daftari la kambi. Wiki nane za sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, zimo humo: nani alimfikia kijana wangu kichwani, siku gani, na kesho yake aliamkaje. Wiki ya pili, Jumatano, nimeandika: "Kichwa kimemuuma mpaka usiku. Hakuna sparingi mpaka daktari aruhusu." Wenzangu waliniambia namdekeza. Mimi naamini ngumi ya mazoezini na ngumi ya ulingoni zinaingia kichwa kilekile, kwa hiyo zote naziandika.

Saa 1:00. Nagonga mlango wake. Jana alipima uzito na alifika kwa shida, siku mbili za mwisho alikuwa anakunywa maji kwa kulowesha midomo tu. Namuuliza kuhusu mkojo, natazama macho, namkabidhi chupa ya maji. Kupunguza uzito kwa kukausha mwili ni jambo ninalolichukia kuliko yote katika kazi hii. Mwili uliokauka siuamini raundi za mwisho.

Saa 2:30. Tumekaa wawili tu. Mazungumzo haya huwa nayafanya asubuhi, kabla ya kelele na taa.

"Kocha, leo usinirushie taulo kusimamisha pambano. Heri nitolewe kwa machela."

Karibu kila bondia niliyemfundisha amewahi kuniambia hivyo, na sijawahi kuona ni maneno ya kipuuzi. Moyo huo ndio uliomwamsha alfajiri kukimbia miaka yote hii. Bila huo asingekuwa bondia. Tena nimeulea mwenyewe: nilimfundisha akipigwa asioneshe, akiulizwa aseme yuko sawa. Basi leo usiku nikimuuliza "uko sawa?" atanijibu nilivyomfundisha. Swali hilo nimeshaliharibu kwa mikono yangu, siwezi kulitegemea.

Kwa hiyo nimempa mambo matatu nitakayoyatazama. Miguu ikichelewa kumtii wakati anarudi kwenye kigoda. Akipigwa raundi mbili mfululizo bila kurudisha. Na akishindwa kurudia maelekezo niliyotoka kumpa. Moja likionekana, naangalia kwa karibu. Mawili, tumemaliza.

Akatikisa kichwa. "Watu watasema nimekimbia."

Nikamkumbusha bondia Joe Frazier, Oktoba 1975, Manila. Raundi 14 na Muhammad Ali, jicho la kulia limefumba, la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani. Kocha wake, Eddie Futch, alikataa kumwachia raundi ya 15. Frazier alipinga palepale. Leo nani anamwita Frazier mwoga? Nikamtajia pia Daniel Dubois. Novemba 2020 alipiga goti kujitoa mbele ya bondia mwenzake Joe Joyce, jicho limevimba kabisa, mfupa unaolizunguka umevunjika. Alitukanwa sana, na waliomtukana wengine walikuwa mabondia. Septemba 2024 alimwangusha Anthony Joshua kwa KO raundi ya tano.

Akanyamaza kidogo. "Dubois alijitoa mwenyewe, Kocha. Mimi siwezi."

"Najua huwezi, mwanangu. Ndiyo maana mimi nipo."

Hakukubali. Nikamwambia siombi ruhusa, namwambia mapema ili usiku asidhani nimemsaliti.

Mchana: kulala, kunyoosha mwili, kusubiri.

Saa 10:30 jioni. Naingia ukumbini mapema kuliko wote wa timu yangu. Naanza na gari la wagonjwa. Limeegeshwa wapi, dereva yuko wapi, machela yanapita mlango upi, na hospitali tunayokwenda ina daktari wa upasuaji wa ubongo zamu hii au la. Vijana wa promota huwa wananiona msumbufu. Nawaelewa, lakini nakumbuka bondia Michael Watson, London, Septemba 1991, pambano na Chris Eubank. Damu iliganda kichwani mwake, huduma ya kumsaidia kupumua haikuwa tayari kando ya ulingo, na hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na idara ya upasuaji wa ubongo. Baadaye mahakama ilisema bodi ya ngumi ya Uingereza ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo. Watson alibaki hai na ulemavu. Mshipa ukipasuka ndani ya fuvu damu inaugandamiza ubongo, na kila dakika inayopotea barabarani ina bei yake.

Leo gari liko mlango wa nyuma na njia ni nyeupe. Nimepita mwenyewe kwa miguu.

Saa 1:00 usiku. Daktari amempima presha na kummulika mboni. Nafunga bandeji mikononi mwake huku mtu wa kona ya pili akitazama. Mwamuzi anakuja kutupa kanuni, nami namuuliza: nikitaka kusimamisha, unatambua taulo au nipande ukingoni mwa ulingo? Kuna mahali taulo halihesabiwi, mwamuzi anaweza kulipiga teke nje na kuendelea. Anasema nipande, atanitazama. Vizuri.

Saa 4:05 usiku. Kengele. Pambano la raundi kumi.

Raundi nne za kwanza zilikuwa zake: jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, hatua pembeni, ngumi za mwilini. Ya tano ikagawanyika. Katikati ya sita akaingia na mkono wa kushoto uko chini, akakutana na konde la kulia juu ya sikio. Hakuanguka. Alitabasamu. Lile tabasamu silipendi hata kidogo, bondia ambaye hajaumia hana sababu ya kutabasamu.

Ya saba alipokea. Ya nane alipokea, na sikumwona akirusha ngumi yenye maana. Ukumbi ulikuwa umesimama ukimshangilia kwa kuwa alikuwa anasonga mbele, na kwa kweli alikuwa anasonga. Kwa hesabu yangu alikuwa bado mbele kidogo.

Dakika moja ya mapumziko, ukitoa muda wa kukaa na kuinuka, inabaki kama sekunde 40. Msaidizi alikuwa na chuma cha baridi kwenye jicho lake kupunguza uvimbe. Nikapiga magoti mbele yake.

"Jebu mbili, toka kulia. Niambie nimesema nini."

Alinitazama midomo.

"Nimesema nini?"

"Niko sawa, Kocha. Nipe moja. Moja tu."

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, nikamwambia tumemaliza. Nikageuka kwa mwamuzi, nikapunga. Nyuma yangu nilisikia akigonga glavu kwenye paja na kusema hapana, hapana, hapana. Halafu ukumbi ukaanza kuzomea.

Saa 5:00 usiku. Daktari anashauri akapigwe picha ya kichwa, nami nilikuwa nakwenda kumwomba hilohilo. Ndani ya gari hajanitazama. Mimi nilikuwa namfikiria bondia Maxim Dadashev, Julai 2019, Marekani. Kocha wake, Buddy McGirt, alimbembeleza kwenye kigoda baada ya raundi ya 11 akubali kuishia hapo. Dadashev alitikisa kichwa, McGirt akasimamisha. Alifanya ninachokifanya mimi, na siku nne baadaye kijana alifariki. Hilo ndilo linalonifanya niikimbilie raundi ya mapema kuliko ya mwisho: siku damu inapoanza kuvuja, hakuna anayesikia kengele yake.

Saa 6:50. Picha ni safi. Wametupa karatasi ya dalili: kutapika, usingizi mzito, kichwa kuzidi kuuma, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Asiachwe peke yake usiku huu. Na hata kama kesho ataamka mzima, sparingi ni mpaka daktari aseme.

Saa 7:40 usiku. Nimekaa kwenye kiti karibu na kitanda chake, daftari mapajani. Namgusa bega.

"Mwanangu. Leo siku gani?"

Anafungua jicho moja, lile ambalo halijavimba.

"Jana ilikuwa Jumamosi, saa sita imeshapita. Jumapili. Na bado sijakusamehe, Kocha."

Nimeandika: 7:40, anajibu vizuri. Nitamwamsha tena saa 9.